Mwarandu na Mbwa Aliyefunzwa Kunyamaza

Mara ya kwanza nilipomwona Mwarandu, alikuwa amemkaba koo muuza maji mbele ya duka langu, na miguu ya yule muuza maji ilikuwa haigusi chini. Kisa chenyewe ni dumu lililopasuka. Nilitoka na ufagio nikampiga nao mgongoni mara tatu. Akageuka, akanitazama kwa mshangao, akamwachia mwenzake, naye akaanguka chini akikohoa. Kisha Mwarandu akaniomba radhi kwa adabu kabisa na kuinama kuokota madumu yaliyotawanyika. Ndivyo alivyokuwa: mkono kwanza, adabu baadaye.

Mimi nauza dawa za mifugo hapa Mtopanga, Kisauni ya Mombasa, mwaka wa kumi na sita huu. Dawa ya kupe, chanjo ya kuku, chakula cha vifaranga, minyororo ya mbwa. Watu huniita Daktari. Nimewaambia mara nyingi kwamba sikusomea udaktari, nina cheti cha miezi tisa tu. Wao husema sawa, Daktari. Wazazi wangu walitoka bara, ndiyo maana naitwa Nyambura, lakini nimezaliwa Kisauni na hasira yangu ni ya huku huku. Haya ninayoyaandika mengine niliyaona, mengine niliambiwa na Mwarandu na mkewe, kila mmoja kwa wakati wake.

Mwarandu alizaliwa Ganze, mwana wa msasi. Baba yake alikuwa na mbwa watano wembamba wa kuwinda paa vichakani, na mtoto alilelewa katikati yao, akila pamoja nao na kupigwa pamoja nao. Alipofika miaka kumi na saba aliteremka Mombasa, akaingia timboni Mwakirunge kukata mawe ya kujengea, na huko amekaa mpaka kichwa kimeota mvi. Kazi ya timbo ni kupiga. Unapiga mwamba kwa mtaimbo, unapiga jiwe kwa shoka mpaka litoke pembe nne, asubuhi hadi jioni, na aliyepiga kwa miaka thelathini mkono wake husahau kazi nyingine. Nimemwona akijaribu kufungua chupa ndogo ya dawa ya macho akaivunja shingo.

Alipigana timboni, alipigana kwenye mangwe, vile vilabu vya pombe ya mnazi, alipigana matangani. Mtu mmoja tu hakumwinulia mkono hata siku moja, mkewe Mweri. Kwa Mweri alikuwa mtu mwingine. Alimchotea maji, alimbebea kuni, na wanaume wenzake wakamcheka kwa hayo mpaka mmoja wao alipopoteza meno mawili. Watoto wao walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, mkubwa wao, Kai, yuko Voi, na wazee walibaki wawili kwenye nyumba yao ya vyumba viwili yenye geti la mabati, hatua hamsini kutoka dukani kwangu.

Jumamosi moja ya Juni, mwaka juzi, Mweri alikuwa akirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Jua lilikuwa halijazama, barabara ina watu. Vijana wanane, mmoja wao hajaota hata ndevu, walitokea kwenye kichochoro cha nyuma ya kinu cha unga wakiwa na mapanga. Hawakusema neno. Walikata yeyote aliyekuwa mbele yao, mwenye simu na asiye nayo. Mzee wa kushona viatu walimkata sikio akiwa bado ameshika sindano. Mweri aliwatupia mkoba wake. Waliuchukua, na baada ya kuuchukua mmoja akarudi hatua mbili akamkata kuanzia bega la kushoto hadi katikati ya mgongo. Mkoba alikuwa nao tayari. Mimi hizo hatua mbili za kurudi ndizo zisizoniingia akilini hadi leo.

Alishonwa nyuzi thelathini na moja. Siku ya tatu Mwarandu aliambiwa kwamba kijana mmoja wa kundi lile ameonekana kwenye kibanda cha kutazamia mpira. Alikwenda, akamtoa nje kwa masikio, akamvunja taya kwa ngumi moja na mbavu kwa mateke, watu wakitazama. Alilala korokoroni siku nne. Baadaye zikaja habari kwamba jioni ile ya mapanga kijana huyo alikuwa Mariakani kwa shangazi yake. Nilimwuliza Mwarandu kama ni kweli. Akasema hajui, na kwamba ngumi ikishatoka haiulizwi.

Kidonda cha Mweri kilifunga, usingizi ndio uliokwenda usirudi. Alikesha kitandani mgongo ukutani, panga la nyumbani, lile la kuchanjia kuni, likiwa mapajani, macho mlangoni. Mchana alitembea akijigonga kwenye vitu. Mjusi akianguka darini, yeye tayari yuko wima. Alikonda mpaka nguo za kwaya zikawa zinamning'inia. Mwarandu alimwambia lala, mimi nipo. Mweri akamjibu kwa upole kwamba hata siku ile alikuwapo, timboni. Nadhani katika ngumi zote alizowahi kupigwa, hakuna iliyomwuma kama neno lile.

Ndipo alipoamua kutafuta mbwa. Alitaka mbwa mkali, wa kurarua mtu, ili Mweri alale.

Binamu yake Fondo alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja kule Shelly Beach. Mwenye nyumba, bibi mmoja wa Kizungu, alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa wakiuza kila kitu wasijue la kufanya na mbwa wawili waliobaki. Mmoja alikuwa mkubwa wa rangi ya kahawia, amelala kivulini. Wa pili alikuwa mdogo, wa kubebeka kwa mkono mmoja, manyoya marefu mpaka chini, pua imebonyea, macho makubwa yametoka nje. Mtu mwingine yeyote angemchukua yule mkubwa. Lakini Mwarandu alikuwa mwana wa msasi, na usasi una namna yake ya kuchagua. Baba yake alimfundisha kwamba mbwa hachaguliwi kwa kimo. Unamfungua kinywa umtazame kaakaa: likiwa jekundu, huyo ni wa kula na kulala, likiwa jeusi, huyo ni muuaji. Kisha unamnyanyua kwa ngozi ya shingo. Anayelia unamwacha.

Yule mkubwa kaakaa lake lilikuwa jekundu, na aliposhikwa shingo alilia na kumlamba Mwarandu kiganja. Yule mdogo kaakaa lake lilikuwa jeusi tititi. Alinyanyuliwa, akaning'inia kimya, akamkazia Mwarandu yale macho na kuunguruma. Fondo, ambaye kwa miaka sita alimwagilia maua akiwakwepa mbwa wote wawili, alisema kwa uhakika kabisa kwamba huyu bado mtoto, na mbwa wa Kizungu akikua anafika kiunoni. Mwarandu akamtia guniani, akavuka naye feri.

Alinijia dukani siku hiyo hiyo. Alitaka mnyororo mnene na dawa ya kuongeza ukali. Nilipofungua lile gunia nilidhani ananitania. Mnyororo alioutaka ulikuwa na uzito kumshinda mbwa mwenyewe. Nilimfungua kinywa nikamwonyesha: meno ya mbele yameisha, mengine yamekuwa kahawia, macho yameanza ukungu. Nikamwambia huyu si mtoto, ana miaka tisa, pengine kumi, na hapo alipofika ndipo mwisho wa kimo chake. Aina yake ni Pekinizi, asili yake Uchina, walizalishwa wakae mapajani mwa wakubwa. Nikamwambia na hili, kwamba macho yake hayana kina, akipigwa kichwani jicho hutoka likaning'inia. Hilo tu ndilo alilolisikia.

Mwarandu alikunja uso akasema samaki mkunje angali mbichi. Nami nikamjibu kwamba samaki huyu si mbichi, ni ng'onda. Nikacheka. Wateja wanne waliokuwapo wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya magunia ya pumba. Kicheko kile nakijutia kuliko neno lolote nililowahi kusema katika duka hili. Mtu ambaye mkewe amekatwa mgongo alikuja kutafuta msaada, nami nikamfanya mzaha wa mtaa. Aliufunga mdomo wa gunia polepole, akaondoka, na tangu hapo alikuwa na jambo la kuthibitisha.

Alimwita mbwa Jeshi. Mweri alimwita Pamba.

Wiki ya pili Mweri alinijia mwenyewe, mbwa yuko ndani ya khanga kifuani. Nilimfundisha nilichokijua. Manyoya yale yachanwe kila siku kwa kitana cha meno mapana, kuanzia nchani kwenda juu, la sivyo yatafungana na ngozi kuoza. Mikunjo ya pua ifutwe kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, na macho vilevile. Asipewe mifupa ya kuku, wala ugali mkavu, apewe wali laini na minofu. Kwa joto la huku, na pua ile fupi, asitembezwe mchana. Alazwe kwenye sakafu iliyopigwa maji. Kucha zikatwe ncha tu. Mweri alisikiliza kama mtu anayefundishwa kunyonyesha upya. Kabla ya kutoka aliniambia kwamba amelala.

Nikamwuliza amelala vipi. Akasema anampakata mapajani, anamchana, na mkono ukichoka anasinzia, kwa sababu mbwa hasinzii. Mtu akipita nje, hata hajafika getini, Pamba ananyanyua kichwa na kubweka. Ana sauti yake ya jirani, na sauti nyingine ya mtu mgeni. Akinyamaza, basi nje hakuna mtu. "Dada Nyambura," aliniambia, "masikio yangu nimemkabidhi yeye. Nimelala saa nne nzima."

Nilitaka kulia, na nilifurahi kwamba kile kichekesho cha Shelly Beach kilikuwa dawa kuliko zote nilizo nazo rafuni. Mbwa wa mapajani hakuumbiwa kuuma. Lakini hakuna askari mwenye masikio kama yake.

Mwarandu yeye hakuona hivyo. Yeye aliona mkewe ana panga mkononi na mwanasesere mapajani, na vijana wa mapanga bado wanazunguka Kisauni. Zaidi ya hapo, kule kubweka ndiko alikokuchukia hasa. Mbwa wa msasi habweki. Akibweka, paa amekwenda, na watoto wanalala njaa. Baba yake alikuwa akiwafunza watoto wa mbwa kwa fimbo ya mti wa mkone: kila akibweka, fimbo moja mdomoni, mpaka afunge. Na Mwarandu alijua pia kwamba wezi humtupia mbwa anayebweka nyama ya sumu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, aliniambia siku moja kwa fahari. Jeshi atakaa kimya nyuma ya mlango, mwizi aingie akidhani hakuna kitu, kisha arukiwe shingoni. Nilimwuliza atarukiwa shingoni na mbwa anayeshindwa kupanda ngazi mbili? Akasema ukali si miguu.

Basi kila asubuhi kabla ya kwenda timboni alimchukua nyuma ya jiko. Alimpa pilipili kwenye kipande cha nyama. Alimfungia kwenye pipa na nyigu watatu. Alimpungia gunia usoni mpaka yule mnyama akaling'ang'ania kwa meno machache aliyokuwa nayo, na hapo Mwarandu akamsifu. Na kila akibweka, fimbo mdomoni. Alipiga kwa kipimo, mdomo tu, asiguse kichwa kwa sababu ya macho. Aliniambia haya baadaye kana kwamba yalikuwa huruma, na kwake yalikuwa.

Mweri aliuona mdomo umevimba. Mumewe akasema mbwa ameanguka. Mara ya pili Mweri alimlilia amwache. Mwarandu aliacha pilipili, akaacha nyigu. Fimbo hakuiacha, ila sasa alimpeleka mbwa mbali, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya kinu, na ndiko nilikomkuta asubuhi moja nikienda kufungua duka. Alikuwa amepiga goti moja, ameshika shingo ya mbwa kwa mkono wa kushoto. Mwendesha pikipiki alipita, mbwa akabweka, fimbo ikashuka. Damu ilitoka puani. Mbwa hakukimbia. Alijilaza chali akajikojolea.

Nilimfikia Mwarandu nikampiga kofi. Sijui niliwaza nini, mtu yule angeweza kunivunja kwa vidole viwili. Nikampiga la pili. Nikamwambia kwamba anamnyima mkewe kitu pekee kinachomlaza, na kwamba yeye na wale vijana wanane kazi yao ni moja. Alisimama. Mkono uliinuka nikauona, ukabaki hewani, kisha akauteremsha kama anaweka chini jiwe zito. Akaniambia, "Daktari, mimi siwezi kumlinda mke wangu kwa mbwa wa kupigia makelele. Wakija, makelele yatawafanya nini?"

Na hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya pili, kwa kuwa jibu lilikuwapo: Mweri alikuwa na panga. Alichohitaji ni kujua lini wanakuja. Lakini nilikuwa nimejaa hasira, na hasira haina maneno mengi. Nilimnyang'anya ile fimbo nikaivunja, nikaenda zangu. Sikumwambia Mweri nilichokiona. Nilijiambia mambo ya mume na mke hayaingiliwi, nikaamini kwamba makofi yangu yametosha.

Septemba, shangazi yake Mweri alifariki huko Ganze. Mweri alikwenda matangani siku tatu. Mbwa alibaki na Mwarandu, na Mwarandu akaona hapo ndipo pa kumalizia somo. Kwa siku tatu hakukuwa na mtu wa kumlilia aache. Siku ya kwanza mbwa alimbwekea mwenye mkokoteni wa maji, akapigwa kwa mpini wa shoka. Siku ya pili alifungua mdomo pasitoke sauti, na kwa kule kufungua tu akapigwa, meno mawili yakadondoka. Siku ya tatu Mwarandu alimwita Fondo aje agonge geti, apige kelele, arushe mawe juu ya bati. Mbwa alijikunja pembeni, mdomo amefumba, akitetemeka. Hakutoa hata mguno. Mwarandu alimpa ini la mbuzi, na usiku wa siku hiyo alilala mtu mwenye furaha.

Mweri alirudi Jumamosi asubuhi, mume yuko timboni. Siku tatu za matanga hakuna aliyelala, walikuwa wakikesha kwa nyimbo, na alirudi miguu imevimba. Aliuona mdomo wa mbwa, akakasirika, akakusudia kunijia jioni. Alimpikia uji laini akamlisha kwa kijiko. Aliogopa kulala peke yake nyumbani mchana, lakini mbwa alikuwapo. Alimlaza kwenye mkeka karibu na mlango, akaweka panga chini ya mto, na usingizi ukamchukua mara moja.

Timboni mashine ya kukatia ilikwama saa saba, vibarua wakaruhusiwa. Mwarandu alipanda pikipiki akashuka barabarani. Kulikuwa kumenyesha. Akijua mkewe amerudi na hajalala siku tatu, alivua viatu vyake vya mpira getini ili visipige kelele kwenye sementi. Aliinua bati la geti kidogo, kwa sababu lina mahali linapolia, akapita. Alitembea kwa vidole. Mbwa alimwona kutoka mkekani, akakunja mkia, akafumba mdomo. Mwarandu akamwinamia akamnong'oneza: vizuri, mwanangu. Kisha akasukuma pazia la chumbani.

Mweri anasema alichosikia ni pumzi. Alifungua macho akaona umbo la mwanamume limeziba mlango, mwanga uko nyuma yake, uso hauonekani. Akatega sikio kumsikia mbwa, na mbwa yuko kimya. Wakati ule aliwaza jambo moja tu: wameshamuua. Hakupiga yowe. Alikuwa amepiga yowe mara ya kwanza, jioni ile ya kwaya, na halikumsaidia. Alitoa panga chini ya mto akapiga.

Mwarandu aliinua mkono wa kulia, pigo likaingia chini ya kiwiko mpaka mfupa. La pili lilimpata kiganjani, likafungua kiganja chote. La tatu lilimpata begani akiwa amegeuka kukimbia, na hapo ndipo alipopata sauti akamwita mkewe kwa jina lake la nyumbani. Mweri alishuka kitandani, panga bado mkononi. Damu ilikuwa kwenye pazia, kwenye chandarua, kwenye picha ya harusi ya Kai. Aliniita mimi kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

Nilikimbia na nilichokuwa nacho, bendeji za mbuzi na chupa ya iodini. Nilimfunga mkono juu ya kiwiko kwa ukanda wa mbwa, nikakaza kwa kijiti. Mweri alikuwa amekaa chini akirudia neno moja, hakubweka, hakubweka. Mbwa tulimkuta chini ya kitanda. Bakari wa tuktuk alitubeba bila kuuliza kitu, damu ikimwagika kwenye kiti chake. Njiani Mwarandu alinitazama. Midomo ilikuwa imekuwa majivu. Nilidhani ataulizia mkono wake. Akaniambia, "Alikuwa amelala, Daktari. Nilivua viatu nisimwamshe."

Nililia hapo hapo, kwa uchungu na kwa hasira, sijui kipi zaidi. Nilitamani kumpiga tena na nilikuwa nimemshikilia kichwa.

Hospitalini askari alikuja kuandika. Siku zile kila mkatwa panga wa Kisauni alihojiwa. Akamwuliza Mwarandu nani aliyekukata. Mwarandu akasema nimejikata mwenyewe. Askari akatazama lile jeraha la nyuma ya bega, akamwuliza mtu anajikataje huko. Mwarandu akarudia vilevile mara tatu, mpaka yule askari akafunga daftari akaenda kwa mwingine. Alijua akitaja vijana wa mapanga kuna mwana wa mtu atakayevunjwa taya kwa ajili yake.

Mkono ulipona kwa sura tu. Kano zilikuwa zimekatika, vidole vinne havikunji. Kule timboni walimpa kazi ya kulinda mawe, aketi kwenye kiti siku nzima. Mtu aliyepiga miaka thelathini sasa hawezi kufunga kifungo. Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitalini nilimsindikiza hadi nyumbani, nikamkuta Mweri amesimama getini, mbwa yuko kwenye mkono wake, na geti halijafunguliwa. Alikuwa amemlilia mumewe wiki tatu kando ya kitanda cha hospitali, amemlisha, amemwogesha. Kwa hiyo nilidhani yameisha.

"Baba Kai," alimwambia, "aliyekuwa akiniambia nani anakuja umemfunga mdomo. Sasa kazi hiyo ni yako. Ukifika pale kona, paza sauti useme ni wewe. Usivuke geti mpaka nikuitikie."

Mwarandu alimtazama mbwa. Mbwa alianza kutetemeka. Mwarandu akaitikia kwamba amesikia, akarudi nyuma mpaka kona, mbele ya watu wote waliotoka kumpokea, akaita jina la mkewe na kutaja lake. Mweri akamwitikia, akafungua.

Ameishi hivyo zaidi ya mwaka mzima sasa. Mbwa hajabweka tena hata mara moja. Manyoya yake ni safi, macho yamefutwa, hukaa mapajani mwa Mweri mlango ukiwa wazi, na Mweri hulala kidogo kidogo, kwa wasiwasi, panga karibu. Jioni ikifika tunamsikia Mwarandu pale kona: Mweri, ni mimi, Mwarandu. Watoto humwigiza kwa kubweka. Zamani wangeipata. Siku hizi huwapita. Akiita mara moja asijibiwe, haiti tena. Huketi chini nje ya geti, ule mkono uliokauka juu ya goti, akangoja.

Juzi mvua ilimkuta pale, akalowa karibu saa nzima. Nilitoka na mwavuli nikimgombeza kwa sauti, mtu mzima ananyeshewa nje ya nyumba yake. Akaweka kidole mdomoni, akanionyesha dirisha, akaninong'oneza kwamba mkewe amelala.